Kibanio cha Kumi na Mbili

Kibanio kile Bi Kimya alikikuta ndani ya droo saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, alipokuwa akitafuta wino wa muhuri. Kilikuwa kibanio cha karatasi cha kawaida, cha waya, kimeanza kushika kutu, kimejificha kwenye kona pamoja na vumbi na ncha ya penseli. Mtu mwingine angekitupa. Yeye alikitazama, mkono ukabaki hewani, na wino wa muhuri akausahau kabisa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila maelezo utamwona mama mtu mzima anatetemeka kwa sababu ya kipande cha waya, nawe utamcheka.

Bi Kimya alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo alipewa na watoto wa shule ya jirani, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa "kimya", na la pili vilevile. Shule ile haikuwa na maktaba yake, hivyo madarasa yalikuja kwa zamu, kila moja na siku yake, na chumba cha nyuma chenye mlango wa kioo kikawa cha watoto. Hakuna aliyemwita mpole. Ukikunja kona ya ukurasa alikutazama kana kwamba umemkunja mtu sikio. Ukiingia na andazi alikutoa nje na andazi lako. Na siku ya kujiandikisha uombe usiwe na haraka: fomu ilijazwa mara mbili, kanuni zote kumi na tisa zilisomwa kwa sauti, na ukikosea herufi moja mlianza upya. Watu walinung'unika mpaka barabarani. Lakini walirudi, na sababu ya kurudi wengi wao hawakuitaja.

Walirudi kwa sababu Bi Kimya alijua kunyamaza. Palikuwa na seremala mmoja, baba mwenye ndevu, aliyekuwa anajifunza kusoma kwa vitabu vya darasa la kwanza na hakutaka wanawe wajue. Palikuwa na binti aliyesoma kuhusu ugonjwa ambao kwao haukutajwa. Watu wa namna hiyo walikuwa kumi na wawili, na kadi ya kila mmoja wao, ndani ya kisanduku cha kadi pale mezani, ilibanwa kibanio cha waya. Maana yake aliijua Bi Kimya peke yake: huyu asipelekewe karatasi yoyote nyumbani. Akichelewesha kitabu, ataambiwa hapa hapa, uso kwa uso, kwa sauti ya chini.

Wengine wote walipelekewa vikumbusho. Kila Jumanne alasiri Bi Kimya alichomoa kadi zilizopitisha tarehe, akitazama tarehe na kibanio tu, si majina, na kuzipanga mezani, na wanafunzi wa darasa la sita, wale wenye mwandiko mzuri, wakaandika vikaratasi: jina la msomaji, mtaa wake, jina la kitabu, tafadhali kirudishe. Shule ilipata vitabu, maktaba ilipata mikono, kila mtu akaridhika. Jumatano asubuhi tarishi alivitia kwenye mkoba, akapanda baiskeli yake na kuvigawa.

Sasa Jumatatu iliyopita alikuja mkaguzi. Bi Kimya, kwa kumjua mkaguzi huyo na maneno yake ya "vitu gani hivi vinavyoharibu kadi", alivitoa vibanio vyote Ijumaa ya kabla yake na kuvitia kwenye droo. Mkaguzi alipoondoka akavirudisha kwa kukumbuka. Orodha hakuwa nayo, kwa sababu orodha ndiyo hasa aliyoapa isiwepo duniani. Alivirudisha kimoja kimoja, akajipongeza kwa kumbukumbu yake, akaenda zake nyumbani. Hakuvihesabu.

Na hiki hapa kimoja.

Akafumba macho, akaanza kuwapitia mmoja mmoja kichwani: seremala, yule binti, yule muuguzi, kaka wa duka la viatu. Akafika kumi na mmoja akakwama. Alipofumbua macho alikuwa amekwisha kujua. Vidole vikakimbilia kwenye kisanduku, vikaichomoa kadi ya Mama Pacha. Haikuwa na kibanio. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya penseli, ile ambayo wanafunzi huweka wakimaliza kuandika kikumbusho.

"Mungu wangu," alisema Bi Kimya kwa sauti, na msomaji mmoja wa magazeti akainua kichwa, maana hakuwahi kumsikia mwanamke yule akisema kitu kingine zaidi ya kile kimoja.

Mama Pacha alikuwa mke wa fundi saa. Miezi minane alikuja kila wakati darasa la tatu lilipokuwa na zamu, kwa kisingizio cha kuwachungulia wanawe, mabinti mapacha wa miaka tisa. Alikaa kwenye kona isiyoonekana kutoka barabarani. Siku moja Bi Kimya aliona anafunua kurasa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia vilikuwa vimevimba. Hakumuuliza. Alimletea tu kitabu cha sheria, kile kinachoitwa "Mke, Talaka na Mahakama", chenye mifano ya barua na fomu nyuma, akakiweka mezani mbele yake na kuondoka. Urafiki wao ulianza hivyo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na karatasi za hospitali vilikuwa ndani ya bahasha nyuma ya ensaiklopidia kuukuu katika chumba cha watoto, kwa kuwa ensaiklopidia zile hazikuguswa na mtu tangu zinunuliwe. Kitabu Mama Pacha alikwenda nacho nyumbani ili anakili barua, akakificha chini ya mtungi. Na Ijumaa, keshokutwa yake, mume akiwa dukani, alikuwa anaondoka na watoto wake. Alisema hivyo kwa mdomo usiotoa sauti, midomo tu ikicheza, na Bi Kimya akaisoma.

Kumpigia simu haikuwezekana. Simu ya Mama Pacha ilikaa dukani kwa mume wake, kwenye droo, iwe salama.

Bi Kimya alisimama. Akaingia chumba cha watoto, na bahati mbaya au nzuri, sijui niseme ipi, zamu ya siku hiyo ilikuwa ya darasa la tatu. Mapacha walikuwa wamekaa pamoja wanasoma kitabu kimoja, vichwa vimegusana; mama yao leo hakuwapo. Akamvuta mwalimu wao kando.

"Mwalimu, nitunzie meza. Na Mama Pacha akija, mpe wanawe. Usimuulize kitu."

"Kuna nini, mama? Mbona umekuwa hivyo?"

"Usimuulize kitu," alirudia, akatoka. Kibanio kilikuwa bado mkononi, kimemwachia alama kiganjani.

Bi Kimya alimkuta tarishi kwenye kibanda cha chai karibu na kituo cha mabasi, mkoba mtupu mgongoni, mguu mmoja juu ya kiti, anasimulia habari za mpira. Alipomwona Bi Kimya anakuja mbio, viatu vimejaa vumbi, aliushusha mguu haraka akidhani amefumaniwa anakula saa za kazi.

"Nimemaliza yote, Bi Mkuu! Nilikuwa napooza koo tu."

"Karatasi ya Mama Pacha. Ya mke wa fundi saa. Umeipeleka wapi?"

"Ile?" Akatabasamu, mwenye raha zake. "Ile nimejiokoa na kilima. Nyumbani kwao ni kule juu, nikasema kwa nini nijitese na mumewe yuko hapa chini? Nikampa mkononi. Kanishukuru kweli. Mtu mstaarabu yule."

Bi Kimya akamshika tarishi shati kifuani, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia kiumbe yeyote, akamwambia kwa ufupi ambao hata mtoto angeuelewa. Tabasamu la tarishi likayeyuka. Alikuwa mvivu wa vilima lakini hakuwa mjinga.

"Panda kwa Mama Pacha, mwambie ni leo. Si Ijumaa, leo, sasa hivi. Aje maktaba kwa mlango wa nyuma achukue watoto na bahasha. Mbele asipite."

"Na wewe?"

"Mimi naifuata ile karatasi."

Tarishi alikipanda kilima kile kwa kusimama juu ya pedali, na wanaomjua wanasema hawajawahi kuona kitu kama hicho.

Duka la fundi saa lilikuwa chumba kimoja chembamba, saa za ukutani pande zote, kila moja inasema lake. Mwenyewe alikuwa ameinama, lenzi jichoni, koleo dogo mkononi, anapachika gurudumu lisiloonekana. Alivaa saa mbili, moja kila mkono, zote za wateja, azipime mwendo. Karatasi ya maktaba ilikuwa mbele yake, imenyooshwa vizuri, imewekewa nati nne kwenye kona ili isijikunje.

"Shikamoo, mama," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, fundi. Za kazi?"

"Nzuri tu. Karibu. Leo umetoka kule? Mimi nilidhani wewe na ile meza mlizaliwa pamoja." Akacheka kidogo, kwa sauti ile ya upole ambayo mtaa mzima uliisifu.

"Nimefuata hiyo karatasi. Imekufikia kwa makosa."

"Makosa." Sasa alitoa lenzi, akaifuta kwa kitambaa. "Jina ni la mke wangu. Mtaa ni wetu. Kosa liko wapi, mama?"

"Kwenye kitabu. Kitabu si chake. Wanaoandika ni watoto wa darasa la sita, wamechanganya kadi."

"Ahaa. Watoto." Akaiangalia tena karatasi, kidole kikipita chini ya neno talaka polepole, kama anayefundisha mtu kusoma. "Na mimi nikasema. Mke wangu na vitabu wapi na wapi? Nilikuwa nafunga duka, niende nyumbani nikamuulize mwenyewe. Tucheke wote."

Hakuwa anacheka. Akaziondoa nati moja moja, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati, kisha akachukua funguo.

Bi Kimya aliogopa wakati ule kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na alikwisha kuzika mume na kuugua vibaya mara mbili. Huyu mtu akienda nyumbani sasa, atawakuta wote wawili, mke anafungasha na tarishi mlangoni. Ilibaki sehemu moja tu ya kumpeleka, na ilikuwa ndiyo ile ile ambako Bi Kimya alikuwa amemwita mke wa fundi.

"Usimsumbue Mama Pacha kwa kosa letu," alisema. "Twende maktaba nikurekebishie, uone kwa macho yako."

Fundi alitafakari. Saa zote zikaendelea kugonga. "Haya," akasema. "Kwa macho yangu. Hiyo nimeipenda."

Wakatembea pamoja. Fundi alimsalimu kila mtu, akamuuliza muuza mboga hali ya mguu wake, akamshika mtoto kichwa. Bi Kimya alitembea kwa hatua fupi, akasimama kutoa jiwe kiatuni ambalo halikuwemo, akasimama tena kulirudisha. Alihesabu: kupanda kilima dakika kumi, kufungasha, kushuka. Hesabu haikutosha, kila alivyoigeuza haikutosha. Na sauti moja ndani yake ilikuwa inamwambia bila huruma: ni wewe. Si watoto, si tarishi. Wewe na usafi wako kwa mkaguzi.

Maktabani mwalimu aliwaona, akarudi chumba cha watoto. Bi Kimya akakaa nyuma ya meza yake. Fundi akasimama mbele yake, na mgongo wake ukaelekea mlango wa kioo. Kupitia kioo Bi Kimya aliweza kuona vichwa vya watoto, rafu ya ensaiklopidia, na mlango wa nyuma unaopitishiwa magunia ya vitabu. Ulikuwa umefungwa. Mama Pacha hajafika.

"Nionyeshe hiyo kadi," alisema fundi.

Kadi ilikuwa ndani ya kisanduku, shubiri moja kutoka vidole vyake. Na hapo, akiwa hana ujanja wowote, Bi Kimya alishika kitu pekee alichokuwa nacho, nacho ni kanuni.

"Kadi huonyeshwa mwanachama tu. Kanuni ya kumi na nne."

Fundi akamtazama. Kisha akatabasamu. "Basi niandikishe. Tuone mwisho wake."

"Fomu inajazwa mara mbili."

"Lete hata tano."

Alileta. Alizitafuta kwanza kwenye droo ambayo alijua hazimo. Akachonga penseli, halafu akakumbuka kwamba fomu hujazwa kwa kalamu. Fundi akaanza kuandika, herufi ndogo, safi, na Bi Kimya akasoma kanuni kwa sauti, ya kwanza mpaka ya nne, akakohoa, akaomba radhi, akairudia ya tatu. Fundi alitazama saa ya mkono wa kushoto, kisha ya mkono wa kulia.

"Mama, zina maana gani zote hizi?"

"Ya tano: msomaji hataingia na chakula wala kinywaji."

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Aliingia tarishi kwanza, shati limelowa, halafu Mama Pacha, mtandio umefunika nusu ya uso, begi moja begani. Bi Kimya aliinamisha macho kwenye karatasi ya kanuni na maneno yakamchezea. Akayasoma hivyo hivyo. Kwa pembe ya jicho aliona mkono ukipita nyuma ya ensaiklopidia, bahasha ikatoka, vumbi likatoka nayo. Mwalimu alikuwa amewainua mapacha. Pacha mkubwa alimkimbilia mama yake. Pacha mdogo alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu, akainuka, akatazama upande wa kioo.

Akauona mgongo wa baba yake.

Uso wa mtoto ukachangamka, kwa kuwa baba ni baba na mtoto wa miaka tisa hapangiwi wa kumpenda. Kinywa kikafunguka. Bi Kimya aliiona ile pumzi ikivutwa, na hakuwa na cha kufanya, hakuwa na chochote isipokuwa kile alichokuwa akiwafanyia watoto wale kila wiki kwa miaka yote. Akainua kidole, akakiweka midomoni.

Mtoto akafunga kinywa. Akakiweka na yeye kidole chake midomoni, kama alivyofundishwa.

"Unaangalia nini?" aliuliza fundi, na bega lake likaanza kugeuka.

"Hapa umefuta!" Bi Kimya alipiga meza kwa kiganja. Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka mezani pale. "Hairuhusiwi kufuta. Tarehe umeandika, umefuta, umeandika tena. Fomu hii imeharibika."

Fundi akairudia fomu kwa macho, amekunja uso. Alikuwa mtu wa usahihi, na ndicho kilichomrudisha: kweli palikuwa na nukta moja ya wino. Alipoinua kichwa na hatimaye kugeuka nyuma, aliona watoto wa shule wameinamia vitabu, na mwalimu wao anafunga mlango wa nyuma kuzuia vumbi.

Walijaza fomu upya. Zilisomwa kanuni zote kumi na tisa. Bi Kimya alimwandikia kadi, akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

"Sasa mimi ni mwanachama," alisema fundi. "Nionyeshe."

Akamwekea kadi mpya mkononi. "Mwanachama huonyeshwa kadi yake mwenyewe."

Fundi aliitazama ile kadi tupu, kisha akamtazama Bi Kimya, na upole ulikuwa umetoka usoni mwake, haukuacha hata chembe. Akainama mezani, sauti chini, kama kanuni zinavyotaka.

"Mama, kazi yangu mimi ni kufungua vitu vidogo. Vidogo sana. Sijashindwa kufungua kitu."

Akaondoka. Bi Kimya alibaki amekaa mpaka tarishi aliporudi na kusema, "Wamepanda. Wote watatu. Nimeliona basi linaondoka, la kwenda..."

"Usiniambie!" alisema. "Usiniambie, mwanangu. Wala usimwambie mtu."

Kuanzia kesho yake fundi saa alikuja kila siku. Saa nne kamili aliingia, akaonyesha kadi yake, akasalimu shikamoo, akakaa kwenye meza inayotazamana na ya Bi Kimya. Alifungua kitabu kimoja, ukurasa ule ule, hakufunua. Mtaa ulimhurumia: maskini, mke amemkimbia na watoto, na ona, anajiliwaza kwa kusoma. Bi Kimya hakuweza kumzuia. Kanuni ya kwanza ilisema maktaba ni ya kila mtu, na ni yeye aliyeining'iniza ukutani. Alijifunza kufanya kazi akiwa na macho yale juu ya mikono yake. Alijikuta anaangusha vitu. Jioni alisubiri tarishi amsindikize, na tarishi, bila kuombwa, akaanza kukipanda kilima kila siku ili kumfikisha mlangoni kwake. Kadi ya Mama Pacha aliitoa kisandukuni, akaipasua vipande vidogo bafuni kwake, akavimwagia maji. Kibanio alikihifadhi.

Wiki ya nne lilikuja gunia. Maktaba za nchi ile zilikuwa na utaratibu wao: kitabu kikirudishwa popote, maktaba iliyokipokea hukipiga muhuri wake na kukirudisha kwao kwa gunia la mwezi. Bi Kimya alilifungua gunia mezani kama kawaida, akatoa vitabu kimoja kimoja, hadithi, hesabu, kilimo. Cha tano kilikuwa "Mke, Talaka na Mahakama".

Fundi alikuwa hatua kumi kutoka hapo. Bi Kimya alikifungua jalada kidogo tu, chini ya ukingo wa meza. Kwenye kipande cha karatasi ya tarehe, kile kilichobandikwa ndani, palikuwa na muhuri mpya wa zambarau, na ndani ya muhuri jina la mji, wazi kabisa. Chini ya muhuri mtu alikuwa amechora kwa penseli. Ulikuwa uso wa duara wenye kidole midomoni.

Walikuwa hai. Walikuwa wanakwenda maktaba. Alitaka kulia na kucheka, na alitaka kukitunza kile kipande mpaka afe.

Kiti kilisogea. Fundi alikuwa amesimama.

Bi Kimya, ambaye alimwadhibu kila mtoto aliyekunja kona ya ukurasa, alishika ile karatasi ya tarehe na kuichana. Katika ukimya ule mlio wa karatasi ulikwenda mpaka mwisho wa chumba. Kitabu kikazama ndani ya gunia, uso chini. Lakini karatasi ilibaki kiganjani, nayo meza ilikuwa wazi, na droo ingepiga kelele, na hatua zilikuwa zimebaki tano, nne. Akaitia mdomoni.

"Nimesikia kitu kimechanika," alisema fundi. Alilitazama gunia. Alitazama mikono ya Bi Kimya, ambayo ilikuwa mitupu. "Kile kitabu, mama. Kimerudi?"

Ladha ya wino ilikuwa chungu. Bi Kimya alitikisa kichwa.

"Hakijarudi?"

Akatikisa tena, midomo imebanwa, na kwa kuwa ndivyo alivyokuwa siku zote, kwa kuwa mtaa mzima ulikwisha kumpa jina kwa ajili hiyo, hapakuwa na ajabu yoyote. Fundi alisimama muda mrefu akimwangalia usoni. Saa zake mbili zilisikika. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akafungua ukurasa ule ule.

Bi Kimya alitafuna polepole, akameza. Akachukua daftari la vitabu, akatafuta mstari, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika: kimepotea.